Mashine ya Pili

Hili la kuweka akiba katika kila mpango nimelisema mara nyingi, na leo nalirudia kwa sababu bado naletewa mipango yenye njia moja tu ya kufaulu.

Wengi mmeitazama Arrow, tamthilia iliyoanza kurushwa Marekani mwaka 2012, kwa hiyo habari za Oliver Queen, shujaa wake mpiga mishale, na kisiwa alichokwama naziruka. Twende mwisho wa msimu wa kwanza. Adui yake, tajiri Malcolm Merlyn, ameficha chini ya mtaa wa Glades mashine ya kuleta tetemeko la ardhi. Mpelelezi Lance anashuka hadi ilipo, simu mkononi, Felicity, mtaalamu wa kompyuta wa Oliver, akimwelekeza hatua kwa hatua huku saa ikihesabu. Anaizima. Huko juu ya paa, Oliver amemchoma Merlyn mshale uliopita kwanza kwenye mwili wake mwenyewe. Unashusha pumzi. Ndipo Merlyn anapotamka kwamba ipo nyingine.

Upande mzima wa Glades unaporomoka. Tommy, rafiki wa Oliver na mtoto wa Merlyn huyohuyo, anafia kwenye kifusi.

Naomba tutulie hapo. Oliver hakuwa mvivu. Alikuwa na mazoezi ya miaka, na watu hodari pembeni. Lakini yeye na wenzake walihangaika na swali la mashine iko wapi. La ziko ngapi halikuulizwa. Merlyn alikwisha kujiuliza: hii ikizimwa, je? Unyama wake unanichukiza, lakini aliwatangulia kwa swali hilo moja.

Kuna atakayesema Merlyn ni tajiri, ana uwezo wa kununua mbili. Hapana, jamani! Mtu wa pili anayelijua nenosiri ni akiba. Nakala ya faili kwenye jengo jingine ni akiba. Siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho ni akiba. Na msiniambie "tutajua hukohuko". Hukohuko ndiko Lance alikokuwa, na saa inahesabu.

Nilitaka pia tuzungumzie daftari la majina aliloachiwa Oliver na baba yake, na mwenzake Diggle alivyomsukuma ashughulike na wahalifu wasiokuwemo humo, maana orodha hugeuka kifungo. Muda umeniishia.

Basi toeni mipango yenu. Kila mmoja aweke kidole kwenye kitu ambacho kikikosekana, kazi yote inasimama. Napita meza kwa meza, na nitauliza cha pili kiko wapi.