Wati 87 Ndani ya Ukuta: Ukinzani na Nguvu ya Umeme kwa Fundi wa Majumbani

Wazee wangu mliofika, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi.

Kanuni zenyewe mnazo kwenye madaftari. Gawanya volti kwa ampea, unapata ukinzani, yaani kiasi ambacho waya au kifaa kinauzuia umeme, kwa omu. Zidisha volti kwa ampea, unapata nguvu kwa wati. Nimekuja kuwaomba mzitoe kwenye daftari la mtihani mwende nazo kwenye nyumba za watu, kwa sababu huko ndiko zinakookoa mali na roho.

Tuchukue birika la umeme lililoandikwa wati 2000 kwa volti 230. Mwenye nyumba analalamika: maji yanachelewa kuchemka na ukuta karibu na soketi una vuguvugu. Fundi wa haraka atamwambia anunue birika jipya. Wewe usianze huko. Washa birika, likiwa linachemsha pima mahali pawili. Kwenye meinswichi unasoma volti 230. Kwenye soketi ya jikoni unasoma 217. Klampu mita ikizungushwa kwenye waya wa laini peke yake inakupa ampea 8.2.

Sasa andikeni. Birika kwanza: 217 gawanya kwa 8.2 ni omu 26.5. Na birika zima la wati 2000 linatakiwa kuwa na omu ngapi? Volti 230 kipeo cha pili, gawanya kwa 2000: omu 26.45. Kwa hiyo birika halina kosa lolote, mwacheni mama wa watu na birika lake. Linatoa wati 1779 badala ya 2000 kwa sababu volti hazilifikii zote.

Volti 13 zimebaki njiani. Je, ni halali ya waya? Tuseme kutoka meinswichi hadi jikoni ni mita 20, waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5. Waya huo una omu 0.0074 hivi kwa kila mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 40: omu 0.3, zidisha kwa ampea 8.2, unapata kama volti 2.4. Hizo ni haki ya waya. Volti 10.6 zilizosalia hazina mwenyewe.

Hapo ndipo naomba mtulie. 10.6 gawanya kwa 8.2 ni omu 1.29. Mtu akiiona namba hiyo anaidharau. Lakini 10.6 zidisha 8.2 ni wati 87. Kama hitilafu iko mahali pamoja, tuseme skrubu iliyolegea au waya uliosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu, basi wati 87 zote zinawaka pale, mahali padogo kuliko kidole gumba, ndani ya plastiki. Mliowahi kushika balbu za zamani za wati 100 zikiwa zinawaka mnajua maana yake.

Halafu anakuja mtu kuchomeka pasi kwenye soketi hiyohiyo. Mkondo unapanda hadi ampea 12.3, yaani mara moja na nusu. Joto halipandi mara moja na nusu. Joto ni mkondo kipeo cha pili zidisha ukinzani, kwa hiyo linapanda mara mbili na robo, karibu wati 196. Sheria hiyo aliitoa James Prescott Joule wa Uingereza mwaka 1841, mwaka uleule ambao Royal Society ya London ilimpa Georg Ohm nishani yake ya Copley. Kanuni ya Ohm, ile ya volti, ampea na ukinzani, ilikuwa imechapishwa tangu 1827, na kwao Ujerumani ilipokelewa kwa ubaridi kwa miaka mingi.

Na sakiti breka ya ampea 20 iko wapi wakati wote huu? Iko kimya, na haina kosa. Yenyewe inaangalia mkondo, na ampea 12.3 ni mkondo wa kawaida kabisa. Ingekuwa shoti ya kweli, ukinzani ungeshuka, mkondo ungeruka, breka ingekata mara moja. Kiungo kibovu kinafanya kinyume: kinaongeza ukinzani na kupunguza mkondo kidogo. Ndiyo maana inaniuma ninaposikia kila nyumba iliyoungua imesemwa ni shoti, kisha mafundi wanabadilisha breka na kuacha viungo vilevile.

Gharama nayo ipo. Joto hilo liko upande wa ndani wa mita, kwa hiyo LUKU inalihesabu. Mwenye nyumba ananunua uniti za kupasha ukuta.

Kijana mmoja ameuliza kwa nini tusizime umeme tu tukapima kwa omu za maltimita. Swali zuri. Maltimita inapima omu kwa mkondo mdogo mno, na waya za maltimita yenyewe zina ukinzani wa sehemu ya omu. Zaidi ya hapo, kiungo kikipoa kinaweza kushikana na kuonekana kizima. Kipime kikiwa kazini, volti na ampea zake. Ila tumia birika au pasi, si friji wala pampu, kwa kuwa kwenye mota volti zidisha ampea hazikupi wati halisi.

Kukitafuta kilipo, mzigo ukiwa umewashwa, linganisha volti kituo kwa kituo kuanzia meinswichi: boksi la kwanza, la pili, soketi. Fanyeni hivyo mkiwa na msimamizi, kwa probu zenye kinga, kwa sababu umeme uko hai. Kipande kinachopoteza volti kuliko urefu wake unavyoruhusu, hicho ndicho. Zima meinswichi, hakikisha kwa tesita, ndipo ufungue.