Dhanio la Kisababishi: Mhadhara kwa Watahiniwa, Mwanza

Ndugu zangu, jioni hii nitazungumzia kosa moja tu, lile ninaloliona likiwapotezea watahiniwa wetu alama nyingi katika mitihani ya GMAT (wa kujiunga na shule za biashara) na LSAT (wa kujiunga na shule za sheria): kuamini kwamba kilichotangulia ndicho kilichosababisha kilichofuata. Kwa anayejiandaa na LSAT jambo hili ni zito zaidi, maana tangu Agosti 2024 sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa alama ni za kupima hoja.

Mfano uko hapa ziwani. Wengi wenu mmewasikia wazee wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, wakisimulia jinsi magugu maji yalivyoziba njia za mitumbwi miaka ya 1990. Katika muongo huo fukusi wanaokula magugu hayo waliachiwa ziwani, na kufikia mwisho wake magugu yalikuwa yamepungua sana. Tuseme mtunga swali anahitimisha kwamba fukusi ndio walioyapunguza. Hoja yake inasimama juu ya dhanio, yaani jambo asilolitamka: kwamba upungufu ule haukuletwa na kitu kingine. Lakini mwaka 1997 na 1998 mvua za El Niño zilipandisha maji ya ziwa, na watafiti wamebishana kuhusu mchango wa kila kimoja.

Ili kulitambua dhanio, likanusheni. Mkisema kwamba mvua zile ndizo zilizoleta upungufu wote, hitimisho linaanguka. Basi hapo mmeligusa. Sasa tazameni jibu la mtego: "Fukusi ndio njia pekee ya kupunguza magugu maji." Likikanushwa, maana yake ni kwamba ziko njia nyingine, kama vile kuyang'oa kwa mikono, na hoja haitikisiki hata kidogo, kwa sababu mwandishi wake hakuhitaji kudai makubwa kiasi hicho. Nalisisitiza hili kwa kuwa hunasa hata wanafunzi wenye bidii: huvutwa na jibu linaloipa hoja nguvu nyingi, ilhali swali linauliza kile ambacho hoja haiwezi kusimama bila hicho.

Sababu iliyogeuzwa nitaigusa kwa ufupi. Mtu akiona kwamba mialo yenye doria nyingi ndiyo yenye wizi mwingi wa nyavu, akahitimisha kwamba doria zinachochea wizi, amekwisha kudhania, bila kusema, kwamba si wizi ulioleta doria.