Kuchagua tairi kubwa zaidi kwa Hilux: pima kabla hujalipa

Habari zenu ndugu zangu, karibuni. Nipo uani kwangu hapa Ifakara, na nyuma yangu ni Hilux dabo kebini, toleo la Revo. Matairi yaliyokuja na gari hili ni 265/65R17. Kashata, yaani yale meno ya tairi, zimekwisha, masika yanabisha hodi, na safari hii nataka tairi lenye kimo zaidi kwa ajili ya njia zetu za mpunga. Tutafanya yote mbele ya kamera, kuanzia kusoma namba mpaka kukaza nati, ili na wewe mwenye pikapu uyafanye kwako kabla pesa haijatoka mfukoni.

Mwaka mmoja nilinunua kwa macho. Nilikuta 285/70R17 yamesimama dukani, nikayapenda, nikalipia manne papo hapo. Alama za kosa lile bado zipo kwenye gari hili, na nitakuonyesha.

Kijana wangu, leta kamera chini hapa kwenye ubavu wa tairi. Futa vumbi kwanza kwa kitambaa kibichi. Haya, soma nami. 265 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, lakini hizo si milimita, ni asilimia 65 ya ule upana. R inaeleza namna nyuzi za ndani zilivyopangwa. 17 ni inchi za rimu. Basi toa simu, fungua kikokotoo. 265 mara 0.65 ni 172.25, huo ndio ubavu mmoja. Ubavu upo juu ya rimu na upo chini yake, kwa hiyo zidisha kwa mbili, unapata 344.5. Rimu ya inchi 17 ni milimita 431.8. Jumlisha: 776. Hicho ndicho kipenyo cha tairi hili likiwa jipya.

Sasa piga hesabu hiyo hiyo kwa tairi unalolitamani. 265/70R17 linatoka na milimita 803. 285/70R17 linatoka na 831. Andika pembeni.

Hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Kati ya 776 na 803 kuna tofauti ya milimita 27, lakini gari haliinuki milimita 27. Linainuka nusu yake, yaani 13 na kidogo, kwa sababu nusu ya nyongeza inakwenda juu ya ekseli na nusu inakwenda chini. Milimita 13 ni upana wa kidole changu hiki cha mwisho. Utaniuliza, sasa unahangaika na kidole kimoja? Ndiyo, nahangaika nacho. Hebu tuingie uvunguni.

Unaliona hili bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma? Hii ni difu, na ndiyo inayogonga jiwe na kulima tope katikati ya mapito ya matrekta. Unaweza kuweka springi ndefu na shokapu mpya, bodi ikapanda juu mpaka mama akaomba kigoda cha kupandia, lakini difu ya nyuma itabaki pale pale. Kinachoiinua ni tairi peke yake. Kwa hiyo kila milimita ya tairi ina thamani yake.

Kitu kingine: chukua futikamba upime na tairi lako la sasa lilivyo. Langu linasoma 762, maana kashata zimelika milimita 7 kila upande. Kutoka 762 kwenda 803 nitapata karibu milimita 20 chini ya difu. Sehemu ya kile kimo unachokililia huenda umekipoteza tu kwa kuchelewa kubadilisha matairi.

Sasa tuje kwenye dashibodi. Spidi mita inahesabu mizunguko, haijui ukubwa wa tairi. 265/70R17 ni kubwa kwa asilimia 3.4 kuliko la kiwandani. Ukiona 80, kweli unakwenda karibu 83. Kwa 285/70R17 tofauti inafika asilimia 7: dashibodi inasema 50, wewe unapita kijijini na 53 na nusu, na trafiki mwenye tochi hana habari na matairi yako. Spidi mita nyingi zikitoka kiwandani husoma juu kidogo ya mwendo wenyewe, ndiyo maana mafundi wengi wanakuambia usivuke asilimia 3 hivi; hapo ile akiba ya kiwanda inakaribia kukufidia. Kilomita nazo zinahesabiwa pungufu. Kwa 285, ukidhani umefikisha 5,000 za kumwaga oili, injini imeshatembea 5,350.

Na injini yenyewe inasikia. Tairi kubwa ni sawa na kuendesha ukiwa na gia ndefu zaidi kuliko ile uliyoingiza. Pale mlima Kitonga, nikiwa na mzigo, gari lililokuwa likipanda na gia ya tatu lilianza kuniomba ya pili. Breki ni vivyo hivyo, mguu unakwenda chini zaidi na gari linachelewa kutii. Nina mizani ya mpunga hapa, tuweke. Hili la zamani lililolika: kilo 16. Hili la 285 nililobaki nalo: kilo 25. Kilo tisa zaidi kwenye kila gurudumu, na zote ni za kuzungusha na kusimamisha, tena hazipumzishwi na springi. Bushi na tairodi ndizo zinazolipa.

Twende mbele, kata usukani wote kulia. Wote, mpaka ukatae. Kijana, mulika tochi huku nyuma ya tairi. Unaona plastiki ya ndani ya madigadi ilivyochanika? Na hapa kwenye chuma panapong'aa? Hiyo ni kazi ya 285. Nyumbani gari likiwa tupu halikugusa popote, nikafurahi. Nikaenda shamba, nikapakia magunia manane, nikakata kona huku gurudumu moja limeingia shimoni, nikasikia mlio wa kusaga. Niliposhuka, bega la tairi lilikuwa limechubuka mpaka naona nyuzi. Tairi jipya, halijamaliza mwezi.

Kwa hiyo usipime gari likiwa limesimama kwenye sakafu tambarare. Fanya hivi. Tafuta gogo au tofali imara, pandisha gurudumu moja la mbele juu yake ili springi ibonyee, vuta hendibreki, weka na kigingi nyuma. Kata usukani mpaka mwisho, ingiza vidole kati ya tairi na kila kitu kilicho karibu: plastiki, chuma cha bodi, mkono wa juu wa sasipensheni. Kisha kata upande mwingine, urudie. Penye nafasi ndogo kabisa, pima kwa rula. Kwangu ni milimita 45. Tairi jipya litakula 20, zinabaki 25, na hizo ni za tope. Usimalize nafasi yote. Tope letu la mbugani linajibandika kwenye tairi kama ugali kwenye mwiko, na likikauka ni jiwe. Nyuma rudia hivyo hivyo, ukiwa umepakia mzigo wako wa kawaida.

Sababu nyingine ya kuchagua 265/70 badala ya 285 ni upana. 265 ni ule ule wa kiwandani, kwa hiyo kwa ndani, kule kwenye mkono wa sasipensheni, hakuna kinachobadilika, na rimu ni ile ile. Halafu kwenye tope lenye ardhi ngumu chini yake, tairi jembamba lenye kimo linapasua mpaka linashika, lile pana linaelea na kuteleza. Wenzetu wa mchangani hadithi yao ni nyingine, wao wanataka tairi lisizame. Lakini hata wao, kupunguza upepo kunawasaidia kuliko kuongeza namba za tairi.

Sasa spea. Usiiruke hata kama haraka imekubana. Lala chini ya karoseri, upime pale inaponing'inia. Tairi la 803 linaingia kwangu, la 831 halikuingia mpaka nilipolipakia nyuma juu ya mizigo. Basi siku moja nikaona afadhali niibakize spea ya zamani, ile ndogo. Nikapata pancha usiku njia ya Mlimba, nikaifunga nyuma, nikaingiza fo wili kwenye tope, nikaenda nayo hivyo hivyo kilomita kama 15. Nilipofika, transfa, yaani lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, haishikiki kwa moto, na fo wili imegoma kutoka. Magurudumu yenye vipenyo tofauti yanazunguka kwa kasi tofauti, difu na transfa zinapigana wakati wote. Nunua matano, yote yafanane. Na ikitokea umekwama na spea ndogo, toa tairi zima la mbele ulihamishie nyuma, ile spea iende mbele, usiguse fo wili, nenda polepole mpaka kwa fundi.

Rudi ubavuni mwa tairi, baada ya ile saizi kuna namba nyingine. Hapa langu linasema 112S. 112 maana yake tairi moja linabeba mpaka kilo 1,120. S ni mwendo wa juu, kilomita 180 kwa saa. Nakuomba sana, usishuke chini ya ile namba ya mzigo iliyokuja na gari, hata kama tairi ni kubwa na linavutia, maana yapo makubwa yaliyotengenezwa laini. Ninalonunua leo limeandikwa LT mbele ya saizi, yaani tairi la magari madogo ya mizigo, na 121/118S. 121 ni kilo 1,450, na 118 ni pale yanapofungwa mawili mawili upande mmoja. Lakini kilo 1,450 hazipatikani bure, zinataka upepo wa psi 80. Tairi la LT lina ubavu mgumu. Ukilijaza kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema kwa tairi la zamani, linabeba pungufu ya lile ulilotoa. Mimi nikiwa mtupu naweka 38, nikibeba mzigo kamili nyuma natia 50.

Dukani, kabla ya kulipa, tafuta neno DOT. Mwisho wa mstari ule kuna tarakimu nne ndani ya kiboksi chenye umbo la yai. Zikiwa 2319, tairi lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine mstari huo umeandikwa kamili upande mmoja tu, kwa hiyo geuza tairi, usikubali kuambiwa halina. Soma matano yote, moja moja. Kama lina mipasuko midogo kama nywele kwenye ubavu, liache hapo hata likishushwa bei mara tatu. Tairi la mtumba mimi siweki kwenye gari linalobeba watu.

Kuhusu kashata: zile za matopeni, zenye meno makubwa yaliyoachana, zinapendeza, ila kwenye lami zinavuma, na mvua ikinyesha zinashika vibaya. Safari zangu nusu ni lami, nusu vumbi na tope. Nachukua A/T, za mchanganyiko.

Haya, fundi ameshafika. Mwambie abadilishe na valvu, usirudishe za zamani. Afanye balansi kwa yote matano, spea ikiwemo. Nati unaanza kwa mkono, kisha wilispana, ukiruka kwa mtindo wa msalaba: hii, halafu ya mbali nayo. Usizungushe kwa mfuatano, rimu itakaa upande. Gari likitua chini, kaza mara ya mwisho. Halafu nenda ukapime alaimenti.

Sasa chukua chaki. Piga mstari mnene kukatisha uso wote wa tairi, bega hadi bega, kila gurudumu. Endesha taratibu mita 50 kwenye lami, umenyoosha. Shuka uangalie. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika mabegani na kubaki katikati, ongeza. Haya, langu la mbele… unaona? Katikati imefutika, mabegani bado nyeupe kidogo. Napunguza psi 2, narudia.

Nimeweka simu hapa kwenye dashibodi, inasoma mwendo kwa setilaiti. Spidi mita 80… simu inasema 80. Akiba ya kiwanda imelipa tofauti yote. Kwako inaweza kuwa 82 au 83. Iandike kwenye karatasi, ubandike hapo unapoiona.

Natoka hapa nakwenda Kidatu. Nikifika nasimama kivulini, rimu zikipoa, natoa wilispana na kukaza nati zote upya.