Mbwa Mwoga na Mlezi Wake wa Muda

Ndugu wasikilizaji, nashukuru kupata nafasi ya kuzungumza nanyi mliojitolea kupokea majumbani mwenu mbwa waliookolewa mitaani, mkawalea kwa muda hadi apatikane mtu wa kuwachukua moja kwa moja. Wengi wenu mmeniuliza swali lile lile: mbwa niliyeletewa hali chakula mbele yangu, hatoki pembeni, akiguswa hukauka kama gogo, nimfanye nini? Jibu langu lote la leo linahusu umbali uliopo kati yako na yeye, na ni nani anayeuamua.

Sisi wa Nairobi tumezoea mbwa anayefungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku alinde, na getini tunatundika kibao cha "Mbwa Mkali", kwa hiyo mbwa anayetetemeka tunamwona ana kasoro. Mtoto wa mbwa huizoea dunia hasa kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ya maisha yake; aliyepitisha kipindi hicho mtaroni bila kushikwa na mkono wa upole hana sababu ya kutuamini. Wengine walituamini, kisha wakapigwa mawe.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mnamo Septemba 1924 mji wa Leningrad, Urusi, ulifurika, na maji yakaingia katika mabanda ya mbwa wa Ivan Pavlov, mtaalamu aliyechunguza jinsi mbwa wanavyojifunza, ikabidi waokolewe kwa kuogeleshwa. Baadhi yao walipoteza mafunzo waliyokuwa wameyashika barabara, na kwa mmoja wao, maji kidogo tu yaliyopenyezwa chini ya mlango yalitosha kumrudisha katika hofu ya siku ile.

Lipo jaribio jingine, ambalo kila nikilisimulia huniuma. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, wa Marekani, walieleza habari za mbwa waliopigwa shoti za umeme ambazo hawakuwa na njia yoyote ya kuzizuia. Baadaye waliwekwa mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi kungewaokoa, na wengi wao walilala tu wakavumilia. Ndiyo maana nawasihi mwogopeni mbwa "mpole" anayekubali kuogeshwa siku ya kwanza bila kutikisika. Tazama mdomo: analamba midomo wakati hakuna chakula? Anapiga miayo, anageuza uso, weupe wa jicho unaonekana? Akikataa hata nyama, ujue hofu imempita kimo, na hapo hakuna somo litakaloingia.

Mwaka jana nilimlea jike mmoja wa rangi ya mchanga, aliyejificha chini ya sinki la jikoni, nyuma ya ndoo. Nilikosea mwanzoni. Nilimnyooshea kiganja chenye maini ya kuchemsha, naye akavuta shingo mbele huku miguu ya nyuma imebaki pale pale, akalichukua pande lile, ndipo akagundua alivyokuwa karibu nami; akaruka, sufuria zikaanguka, na kesho yake hakutoka kabisa. Chakula kilikuwa kimemvuta mahali ambapo moyo wake haukuwa tayari kufika. Basi nikabadilisha: nikawa nakaa mkekani nimempa ubavu, nimeangalia sakafu, nikimrushia maini nyuma yake. Kila kipande kilimpa vitu viwili, chakula na nafasi ya kuondoka. Siku ya tisa aligeuka kula, akarudi, akasimama nusu hatua mbele ya pale alipokuwa. Baadaye akaninusa kisigino. Sikumgusa.

Kuhusu usalama sitarefusha. Mbwa mwoga akibanwa kona huuma, na takriban asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa. Chanjo ya mbwa wako isicheleweshwe, na anayeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali mara moja. Kamba ziwe mbili, moja ya shingoni na moja ya mkanda wa kifuani, kwa sababu mbwa mwenye hofu huchomoa kichwa kwa kurudi nyuma, na ukimkimbiza barabarani unamsukuma mbali zaidi.

Kumkabidhi kwa mwenyewe ndiko kazi ambayo wengi wetu huiharakisha. Mweleze mchukuaji ukweli wote: kwamba pikipiki humtisha, kwamba wageni wasimwinamie wala kumpapasa kichwani. Watakaomchukua waje kwako mara kadhaa, na wao wakae ubavu na kurusha maini, ili asijifunze kwamba binadamu mwema ni mmoja tu. Aondoke na blanketi lake bila kufuliwa, na chakula kile kile alichozoea.

Yule wa rangi ya mchanga, wachukuaji wake walikuja kumtembelea Jumamosi nne. Siku ya safari tuliegesha gari uani, geti limefungwa, milango ya gari wazi, blanketi lake kwenye kiti cha nyuma, nasi tukakaa chini kimya. Alilizunguka gari, akarudi jikoni, akatoka tena. Zilipita kama dakika 40 kabla hajapanda mwenyewe.