Bibi Alitaka Makuti

REHEMA: Karibuni tena jamani. Sauti mnisamehe, ndo kwanza nimerudi Rufiji na vijana wa kanisa, basi zima limeimba toka Ikwiriri mpaka Mbagala, mie nami nimo.

AMANI: Pole na safari dada. Nimeiona ile picha uko juu kwenye kenchi na nyundo mkononi, nikasema si huyu anayeogopa ngazi za hapa studio?

REHEMA: Nilipanda kaka! Sasa leo nimeandika mambo matano ya kuzingatia kanisa likienda kujengea watu nyumba, tutayapitia moja moja, ila kwanza niseme tulichokuta. Yale mafuriko ya Aprili 2024 mnayakumbuka. Nyumba ya udongo maji yakiizunguka siku kadhaa ukuta unalainika kuanzia chini, udongo unaporomoka, zinabaki boriti na fito tu. Wengi walishajirudishia wenyewe zamani, sisi tulipelekwa kwa wazee wanaoishi peke yao. Kwa bibi mmoja vijana wa palepale kijijini walishakata fito na kuzifunga, sisi tukakanyaga udongo, kwaya ikakandika ukuta kwa mikono, adhuhuri bibi na mafundi wakaenda kuswali, sisi tukapumzika kivulini, wakarudi tukaanza kuezeka.

AMANI: Mkaezeka nini?

REHEMA: Bati.

AMANI: Na bibi alitaka nini?

REHEMA: Amani, tutafika huko.

AMANI: Si umenisimulia mwenyewe kwenye simu! Waambie.

REHEMA: Haya, alitaka makuti.

AMANI: Ahaa.

REHEMA: Subiri basi. Makuti yanataka mtu wa kupanda mnazi, mtu wa kusuka, na baada ya miaka kadhaa yameoza unaanza upya. Watoto wake wako mbali huko, nani atamwezekea? Cheche ya jikoni ikiruka je? Halafu bati unaweka mfereji na pipa, mvua ikinyesha ana maji mlangoni, haendi mtoni.

AMANI: Mie nimelelewa Pangani chini ya makuti, nayajua. Saa nane mchana unalala ndani usingizi mzito. Chini ya bati lisilo na dari saa nane unatoka mbio, na mtu wa umri ule anashinda ndani. Mvua ikipiga hasikii hata anayebisha hodi.

REHEMA: Bati lilipigwa vizuri lakini, hilo nalisema kwa moyo wote. Fundi alitusimamia msumari kwa msumari, unapigwa kwenye mgongo wa bati, sio bondeni, manake bondeni ndo maji yanapopita, na ule mpira wa msumari ukiukandamiza mpaka ukapasuka umejitengenezea tundu. Kijana wetu mmoja alipiga bondeni, fundi akamng'olesha akaziba palepale.

AMANI: Sibishani na misumari dada. Nauliza nani aliamua.

REHEMA: Tulimuuliza bibi.

AMANI: Mkamuuliza, akajibu, mkafanya lenu.

REHEMA: Waumini walichanga pesa za bati!

AMANI: Basi iliamuliwa huku Dar. Angalia Habitat for Humanity, lile shirika la kujengea watu nyumba, waanzilishi wake Millard Fuller na mkewe Linda walijaribu kwanza kujenga Mbandaka, Zaire, yaani Kongo ya leo, toka 1973, ndo 1976 wakaanzisha shirika kule Georgia, Marekani. Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, naye akaanza kwenda kupiga nyundo nao 1984. Msingi wao ni kwamba familia inayopata nyumba inajenga na nyie, inatoa jasho, na gharama inalipa kidogo kidogo bila ya nyie kutafuta faida. Mtu aliyetoa jasho ana sauti kwenye paa lake.

REHEMA: Bibi yule atabeba zege? Atalipa mkopo na nini? Kaka, lile ni jambo la wenye nguvu. Mie nikimwacha na makuti yanayovuja mwaka wa tatu nitasema nilimheshimu? Heshima ni alale pakavu.

AMANI: Heshima ni alale anavyotaka yeye. Na makuti yakishonwa vizuri yakabanwa hayavuji, nani kakwambia yanavuja?

REHEMA: Sikubali.

AMANI: Hata mie.

REHEMA: Naonyeshwa pale kwenye kioo dakika mbili. Na mambo yangu matano?

AMANI: Soma la kwanza.

REHEMA: Linahusu nauli, maana basi lilikula hela nyingi kuliko… hapana, hili haliishi kwa dakika mbili, nayaacha yote. Niombe kitu kimoja tu, nyumba ile inahitaji dari kabla joto la Desemba halijaingia, mwenye mbao au jipsamu zilizobaki kwenye ujenzi wake atutafute.

AMANI: Na aliyeko Kibiti au Rufiji atutumie bei ya kuti moja kwa sasa.

REHEMA: Ya nini? Paa lishaezekwa!

AMANI: Nataka kuijua. Mbao nitatoa, ila bei ya kuti watutumie.