Maghala ya Chumvi ya Lübeck: Tazameni Miaka

Ndugu wasikilizaji, walionisikia mwaka jana wanajua nitakoanzia, wawe na subira. Mgeni akifika Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani, hulipiga picha lango la Holstentor, kisha huyo, anaondoka. Pembeni, ukingoni mwa mto Trave, yamejipanga maghala 6 ya chumvi. Mwulize, atakujibu: "Ya zama za kati, enzi za Hansa, ule muungano wa miji ya wafanyabiashara." Jamani! Lango lilikamilika 1478. Ghala kongwe kati ya haya ni la 1579, na la mwisho ni la 1745. Miji ya Hansa ilikutana mara ya mwisho mwaka 1669, hapohapo Lübeck. Pigeni hesabu: miaka 76 baada ya kikao hicho bado kuna mtu anatoa pesa zake kujenga ghala la chumvi. Hakuwa mwendawazimu.

Najua kuna anayenong'ona, "Lakini heringi, wale samaki wa Skåne, kusini mwa Sweden, waliokuwa wakitiwa chumvi hiyo, si walikwisha kupungua?" Walipungua, sikatai. Je, nyama na siagi hazitiwi chumvi ili zihifadhiwe? Bahari ya Baltiki yenyewe maji yake yana chumvi haba, na jua la kule si la kuanikia chumvi. Ilibidi inunuliwe.

Ilitoka mji wa Lüneburg, ambako maji ya chumvi yalitolewa ardhini na kuchemshwa. Tangu 1398 ilisafirishwa kwa mfereji wa Stecknitz, na hapa mnivumilie, maana mfereji huu naupenda kuliko maghala. Uliunganisha vijito viwili vyenye maji hafifu. Basi waliyazuia kwa milango ya mbao mpaka yajae, wakafungua ghafla, mashua zikashuka pamoja na mkondo. Kisha? Kungoja yajae tena. Safari isiyofika kilomita 100 ilimeza wiki kadhaa. Kwa nini wasitumie magari ya farasi? Waliyatumia kabla ya mfereji. Mashua hubeba zaidi, na haikwami matopeni. Sasa unganisheni: chumvi inafika kwa mafungu, kila fungu likingoja maji, meli ya baharini inataka shehena nzima kwa mpigo. Katikati ya hizo kasi mbili lazima pawe na ghala. Hamhitaji Hansa kulielewa hilo.

Naonyeshwa saa. Usanifu, basi, haraka: matofali, mbao ndani, paa la mwinuko mkali lenye dari juu ya dari, kwa sababu paa nalo ni stoo. Chumvi hunyonya unyevu, hupenya kwenye tofali, na ikikauka hugeuka fuwele zinazolimomonyoa. Wanaokimbilia kulipiga plasta ya saruji huufungia unyevu ndani. Nimelisema hili mpaka nimechoka. Ndani siku hizi pana duka la nguo. Wengine hukasirika, mimi sioni ubaya wowote.

Nilitaka tufike Regensburg, kwenye ghala la chumvi la mto Danube, la 1620, lakini mwenyekiti ameshasimama.