Klabu Ndogo za Skeiti Minnesota na Baraza Linalozibeba

Habari za huko nyumbani, wapendwa! Hapa ni Minneapolis, na hii nyuma yangu ni barafu ya ndani, mita 61 kwa 26. Mliowahi kuiona ile ya hoteli ya Panari, Nairobi, mtaona tofauti ya ukubwa. Leo ni skeiti za mitindo, ule mchezo wa kuruka na kuzunguka kwa muziki. Wachezaji tuwaache kidogo, tutazame nani anaziwezesha klabu ndogo.

Juu kabisa kuna shirikisho la taifa, U.S. Figure Skating, lenye makao Colorado Springs. Kanuni, vibali vya mashindano na uteuzi wa majaji vinatoka huko. Chini kuna klabu. Katikati, klabu za eneo moja huungana na kuunda baraza. Hapa Minneapolis na St. Paul kuna Twin Cities Figure Skating Association. Msilifikirie baraza la namna hii kama chama cha mpira cha mkoa, kile cha kufungia timu. Lifikirieni kama kikoba: wenye nalo ni klabu zenyewe, ila kinachochangwa zaidi ni majaji, tarehe na saa za barafu.

Klabu ndogo hukwama kwenye mitihani. Mtoto hapandi daraja kwa kushinda kombe. Anateleza mbele ya majaji, kisha anaambiwa amefaulu au arudie. Majaji wanajitolea, lakini nauli, chakula na hoteli ni juu ya mwenyeji. Tuseme siku moja imegharimu dola 600. Klabu yenye watoto 10 wa kufanya mtihani, kila mzazi anabeba 60. Baraza likikusanya watoto 40 kutoka klabu 5, kila mmoja analipa 15. Na barafu hukodishwa kwa saa, kwa hiyo hao 10 wangelipia pia muda ambao uwanja uko mtupu.

Tarehe nazo zina vita vyake. Klabu mbili zikiandaa mashindano Jumamosi moja, zote zinaumia, kwa sababu majaji ni walewale na watoto ni walewale. Utaratibu salama ni huu: peleka tarehe kwenye kalenda ya baraza, ikishakubalika kamata uwanja, halafu omba kibali cha shirikisho. Anayekimbilia uwanja kwanza anaweza kuwa amelipia siku isiyo na jaji hata mmoja.

Sasa ratiba, na hapa ndipo wageni wa kazi huumbuka. Tuseme kundi la watu 6 linapasha mwili dakika 6, kisha wanaingia mmoja mmoja. Programu, yaani mchezo wa mtu mmoja kwa muziki wake, tuseme ni dakika 2 na nusu, lakini wewe weka 4 kwa kila mtu: kuna kuingia, kuinama, na majaji kumaliza alama. Kundi zima, dakika 30. Baada ya makundi mawili hivi inaingia Zamboni, ile mashine ya kukwangua barafu na kumwaga maji mapya. Tenga dakika 15, maana maji lazima yagande. Zisahau hizo 15 mara nne tu, umechelewa saa nzima, na timu ya hoki ya barafuni iko mlangoni na mkataba wake. Minnesota hoki ndiyo mwenye nyumba, jamani. Skeiti ni mpangaji.

Hata ubaridi wenyewe unagombewa. Hoki inataka barafu ngumu, karibu nyuzi 5 chini ya sifuri. Skeiti inataka laini kidogo, karibu 3, ili meno ya mbele ya chuma cha kiatu yashike bila kuimegua. Sakafu haibadiliki kwa dakika 10. Ombi lifike kwa fundi wa uwanja tangu jana yake. Hapo mjumbe wa baraza anayejuana na mafundi ana faida kuliko barua kumi.

Baraza zuri pia huwatafutia nafasi majaji wanafunzi. Wanakaa kwenye mtihani halisi, wanatoa alama zisizohesabiwa, kisha zinalinganishwa na za majaji wenyewe. Eneo lisilofanya hivyo, baada ya miaka michache, linaagiza majaji kwa ndege, na zile dola 15 zinarudi kuwa 60.

Haya, Zamboni hiyo inatoka. Kwa kelele zake hamtanisikia tena, tuonane video ijayo.